Mpira, kikombe, chupa au titi: mtoto njiti alishwe vipi, na mdomo wake utunzwe vipi

Mama wa mtoto njiti anapokaribia kuruhusiwa kutoka wodini huwa ameshapewa ushauri wa kila aina. Sista kamfundisha kikombe. Dada yake kaleta chupa mpya, bado imo kwenye boksi. Mama mkwe anasema mtoto ni wa titi, mweke tu atazoea. Na mtoto wa kitanda cha jirani bado yuko kwenye mpira wa pua, na uzito wake unapanda kuliko wa kwake. Sasa ashike lipi?

Hapa nazilinganisha njia hizo nne kwa vigezo vitano: je, mtoto anaweza kumeza na kupumua bila kupaliwa; maziwa yanafika tumboni kiasi gani; njia hiyo inamsogeza au inamwondoa kwenye titi; inaacha nini mdomoni, yaani kwenye kaakaa, fizi na meno yatakayokuja; na mwisho usafi, pesa na mikono ya watu walioko nyumbani. Nitangulize maoni yangu ili usome ukiyajua. Chombo hufuata wiki za mtoto, kwa hiyo familia nyingi zitapita njia mbili au tatu kati ya hizi, na hilo ni jambo la kawaida. Kuhusu meno, naona tunabishana mno juu ya chombo, tukasahau kuuliza kilichomo ndani yake na muda kinaokaa mdomoni.

Kwanza jua hesabu ya wiki. Njiti ni mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37 za mimba. Chukua wiki alizozaliwa nazo, ongeza wiki alizoishi. Aliyezaliwa na wiki 30, akiwa na wiki tatu duniani, ni mtoto wa wiki 33. Namba hiyo inaeleza uwezo wa mdomo wake kuliko tarehe iliyoandikwa kwenye kadi ya kliniki.

Pumzi

Kula kwa mtoto mchanga ni kazi tatu zinazopishana: kunyonya, kumeza, kupumua. Upishano huo huanza kukaa sawa kati ya wiki 32 na 34, wengine huchelewa zaidi, hasa waliokaa muda mrefu kwenye oksijeni. Kabla ya hapo maziwa yanaweza kuingia njia ya hewa.

Mpira wa pua haumdai mtoto ujuzi wowote. Unapita puani au mdomoni hadi tumboni, na maziwa yanashuka yenyewe kutoka kwenye bomba la sindano lililoinuliwa juu, bila kusukumwa. Kabla ya kila mlo mhudumu huhakikisha kwamba ncha iko tumboni, na hatua hiyo hairukwi hata mtoto akiwa analia njaa. Ukipita puani unaziba tundu moja, na mtoto mchanga hutegemea pua kupumua. Ukipita mdomoni pua inabaki wazi, lakini mpira unachezacheza na kumtia kichefuchefu.

Kikombe kinawezekana mapema kuliko wengi wanavyodhani. Watoto wengine wa wiki 30 hadi 32 wanaweza kulamba maziwa kwa ulimi, kidogo kidogo, wakipumzika wanapotaka. Usalama wote uko kwenye mkono wa mlishaji: kikombe kikigusa mdomo wa chini na maziwa yakafika ukingoni, mtoto anachukua mwenyewe. Ukimmiminia, umeondoa faida yote ya kikombe, na hapo ndipo anapopaliwa.

Chupa ina tatizo la mwendo. Chuchu nyingi za dukani humwaga hata mtoto akiwa amesimama kunyonya, na njiti hana nguvu ya kuzuia mkondo, anameza mfululizo akisahau kupumua. Inaweza kupunguzwa: chagua chuchu ya mwendo wa polepole, usiitanue tundu kwa sindano ya moto, mlaze mtoto kwa ubavu kichwa kikiwa juu kidogo, na kila baada ya kumeza mara chache inamisha chupa apumue. Akifanyiwa hivyo, mtoto aliyekomaa vya kutosha hula kwa chupa bila shida.

Titi, kinyume na hofu ya wengi, halimchoshi njiti kwa upande wa pumzi. Akiacha kunyonya, maziwa nayo hupungua kasi. Watoto njiti waliopimwa oksijeni wakati wa kula walionekana kuwa na hali tulivu zaidi kwenye titi kuliko kwenye chupa. Shida ya titi iko kwenye kigezo kinachofuata.

Kwa njia yoyote ile, midomo ikibadilika rangi kuwa ya bluu, pua zikipanuka kwa kuhema, vidole vikitanuka kama aliyeshtuka, au maziwa yakianza kuvuja kando ya mdomo, simamisha mlo. Huyo hajakataa chakula, ameishiwa pumzi.

Maziwa yanayofika tumboni

Mtoto njiti aliyezoea kula hupewa takribani mililita 150 hadi 180 kwa kila kilo kwa siku. Mwenye kilo 1.6 anahitaji kama mililita 240 hadi 288 kwa saa 24. Ukigawa milo minane ni 30 hadi 36 kila mara. Kiasi cha mtoto wako kitapangwa wodini, nimeweka hesabu hiyo uone udogo wa mlo wenyewe na jinsi matone yaliyomwagika yanavyoweza kuwa na uzito.

Kwa kigezo hiki mpira uko mbele: kilichopimwa ndicho kilichoingia. Chupa inafuata, kwa kuwa haimwagi sana na namba zimechorwa ubavuni.

Kikombe kinamwaga. Mtazame mama akimlisha: mtoto amekaa wima pajani, mkono mmoja wa mama umeshika shingo na mabega, kitambaa kimekunjwa chini ya kidevu. Kikombe kinagusa mdomo wa chini. Ulimi unatoka, unarudi, unatoka tena; tone linateleza kwenye kidevu, jingine linapotelea kwenye mkunjo wa shingo. Kikombe kikiwa kitupu mama anasema "amemaliza", kumbe kitambaa nacho kimekunywa. Ndiyo maana kiasi cha kikombe kinahesabiwa kwa siku nzima badala ya mlo mmoja, na sista mzoefu hukishika kitambaa kabla ya kuandika namba. Kuna vikombe vidogo vya silikoni vilivyotengenezwa kwa ajili hii, kama Nifty, vyenye mdomo mrefu unaokusanya maziwa mahali pamoja. Kikombe kidogo cha kahawa chenye ukingo laini pia kinafaa. Kijiko kinafanya kazi hiyohiyo, ila kwa mlo wa mililita 30 utachoka mkono.

Titi halina namba, na hapo ndipo wasiwasi unapoanza. Njiti anaweza kushika vizuri, akanyonya mara kumi, akalala, na mama akadhani ameshiba. Angalia nepi: sita au zaidi zilizolowa kwa siku ni dalili njema. Angalia mzani wa kliniki zaidi ya macho ya majirani. Na mlo wowote ukizidi nusu saa, mtoto anatumia nguvu ambazo zingemwongezea uzito. Mpe kilichobaki kwa kikombe, au kwa mpira kama bado anao.

Kurudi kwenye titi

Tafiti zilizokusanywa pamoja kwa njiti zinaonyesha kwamba waliolishwa bila chupa wakati wakijifunza titi, wengi wao kwa kikombe, walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kutoka hospitali wakinyonya, na kuendelea hivyo miezi iliyofuata. Sababu mojawapo ni kwamba ulimi haujafundishwa kazi mbili tofauti. Shirika la Afya Duniani nalo limekuwa likipendekeza kikombe au kijiko kwa mtoto mwenye uzito mdogo asiyeweza kunyonya titi. Lakini sitasema chupa ni mlango wa kutokea titini moja kwa moja. Wapo watoto wengi wanaokwenda na kurudi, hasa chupa inapotumika mara chache na mtoto ameshajua titi.

Mpira peke yake haufundishi kunyonya, ila unaweza kusindikizwa na mafunzo. Maziwa yanaposhuka mpirani, mweke mtoto kwenye titi lililokamuliwa alambe na kuvuta. Anajifunza kwamba kuvuta na kushiba vinakwenda pamoja, na watoto wanaofanyiwa hivyo hufika haraka zaidi kwenye kula kwa mdomo. Aliyekaa wiki nyingi na mpira bila kuguswa mdomo kwa namna ya kupendeza anaweza baadaye kuchukia kila kinachokaribia midomo yake, na utalijua hilo siku ya uji: anafunga mdomo, anatapika kijiko cha kwanza.

Kumbeba kifuani ngozi kwa ngozi, ile njia ya kangaruu iliyoanzia Bogotá nchini Kolombia mwishoni mwa miaka ya 1970, inasaidia njia zote nne. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2021, ukihusisha Tanzania, Malawi, Ghana, Nigeria na India, ulionyesha kuwa kuianza mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri mtoto atulie kwanza, kulipunguza vifo vya watoto wadogo hao kwa robo. Kwa mada yetu, mtoto aliye kifuani ananusa maziwa na kulitafuta titi mwenyewe.

Ndani ya mdomo

Meno ya maziwa huanza kujengwa tumboni, kuanzia mwezi wa nne hivi wa mimba, na sehemu kubwa ya kalsiamu na fosforasi mtoto huipata miezi mitatu ya mwisho. Anayezaliwa kabla ya hapo amekatiwa mgawo huo. Kwa hiyo enameli, ule ukuta mgumu wa nje wa jino, mara nyingi inatoka na madoa meupe ya chaki, ya njano au ya kahawia, au vishimo. Mtoto hajakosa kuswakiwa. Jino limekuja hivyo kutoka kiwandani. Tofauti ni kwamba ukuta mwembamba unaliwa haraka na sukari.

Vifaa vinaongeza yake. Waliowekewa mpira wa kupumulia kupitia mdomoni, ambao ni tofauti na huu wa kulishia, wanaweza kupata mfereji kwenye kaakaa au kaakaa lililoinuka juu na kuwa jembamba. Kile kifaa cha chuma kinachotumika kuuingiza hukandamiza ufizi wa juu, na ndiyo maana kasoro za enameli huonekana zaidi kwenye meno ya mbele ya juu, tena upande wa kushoto. Mpira wa kulishia ni mwembamba na laini, haukandamizi hivyo. Taabu yake ni ukavu: mdomo usiopitiwa na maziwa hukauka na kuota utando. Dawa ya kwanza iko kwa mama. Dang'a, yale maziwa ya mwanzo ya njano, hupakwa matone machache ndani ya mashavu hata kwa mtoto asiyekula chochote kwa mdomo.

Kikombe hakigusi kaakaa na hakibaki mdomoni mlo ukiisha. Kwa meno, hiyo ni sifa kubwa. Titi linavuta ulimi na taya katika mwendo unaolipa kaakaa upana wake. Chupa haiharibu meno kwa kuwa ni chupa. Inaharibu inapoachwa mdomoni mtoto amelala, na inapojazwa chai ya maziwa, glukosi, juisi au uji wenye sukari. Maziwa yanadimbwika kwenye meno ya juu, mate yamepungua kwa usingizi, na enameli ya njiti ndiyo hiyo tuliyoisema. Usichukue maneno haya ukamnyima maziwa usiku. Njiti anahitaji kula usiku, tena anaamshwa ale. Mlishe, abeue, kisha chombo kitoke.

Fangasi mdomoni zinawapata wa njia zote, hasa waliotumia antibiotiki. Mabaki ya maziwa yanafutika kwa kitambaa, utando wa fangasi unang'ang'ania na ukiukwangua unaacha wekundu. Kwenye titi, mama na mtoto hutibiwa pamoja, la sivyo wataambukizana. Kwenye chupa, chuchu za chupa nazo zichemshwe. Asali isipakwe, ni hatari kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja.

Kuna jambo nisiloweza kulipita. Kwetu Afrika Mashariki njiti akiharisha au akipata homa, hakosi mtu wa kumfunua mdomo na kusema ana "meno ya plastiki", wengine huyaita ya nailoni. Vile vivimbe vyeupe kwenye fizi ni vifuko vya chonge, vipo kwa kila mtoto. Kuving'oa ni kumtoa damu mtoto asiye na damu ya kupoteza, kumfungulia mlango wa pepopunda na maambukizi mengine, na kuharibu hata meno ya ukubwani. Kukata kimeo kwa sababu ya kikohozi ni janga la aina hiyohiyo. Bibi akisisitiza, mjibu kwa heshima: "Shikamoo bibi, daktari kasema homa ya njiti inapelekwa hospitali leo leo." Na kweli ipelekwe.

Usafi, pesa na mikono

Titi halichemshwi wala halinunuliwi, lakini linamtaka mama mwenyewe awepo kila saa mbili au tatu. Kikombe kinaoshwa kwa maji ya moto na sabuni, hakina kona za kufichia maziwa. Kinahitaji mtu mwenye subira, na baba au shangazi anaweza kufundishwa. Chupa ndiyo inayodai zaidi: brashi, sufuria ya kuchemshia, chuchu za kubadilisha zinapopasuka. Mahali ambapo maji yananunuliwa kwa dumu na mkaa unapimwa kwa kopo, gharama hiyo ni ya kila siku. Mpira nyumbani unahitaji mtu aliyefundishwa na hospitali iliyo karibu. Kwa familia nyingi hapa kwetu unabaki wodini.

Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa nne nje ikiwa joto halizidi nyuzi 25, na Dar es Salaam au Mombasa joto hilo hupitwa asubuhi na mapema, kwa hiyo friji au kukamua mlo kwa mlo. Maziwa ya kopo yanapohitajika kwa ushauri wa daktari, unga wenyewe unaweza kuwa na vijidudu. Maji yachemke, na yachanganywe yakiwa bado na nyuzi 70 au zaidi, kisha yapozwe kabla ya kumpa. Na kwa walioko Arusha, miteremko ya Meru na sehemu nyingine za Bonde la Ufa: maji mengi ya huko yana floridi nyingi, na kuchemsha hakuiondoi. Mtoto wa maziwa ya kopo huinywa kila siku katika kipindi ambacho meno yake ya ukubwani yanajengwa, na matokeo ni yale meno ya kahawia. Maziwa ya mama yana floridi kidogo sana hata mama akinywa maji hayohayo.

Kwa hali yako

Mtoto hajafika wiki 32, au anahema kwa shida: mara nyingi mpira ndio wake. Kazi yako ni kukamua, kumpaka dang'a, kumbeba kifuani. Kuona jirani ameshika kikombe kusikusukume.

Ana wiki 32 hadi 34, ametulia, analamba midomo unapomsogeza: titi kila anapokuwa macho, kikombe kumalizia. Hii ndiyo njia ninayoipendelea kwa mama aliye karibu na mtoto muda wote na anayetaka kunyonyesha.

Mama ni mgonjwa, amerudi kazini, au walishaji ni watatu na mikono ni tofauti: kikombe kama wote wamefundishwa na hawana haraka. Kama nyumba ina maji ya kutosha, moto wa uhakika, na kikombe kinaishia kumwagwa au kumiminwa, chupa ya mwendo wa polepole inayochemshwa vizuri ni salama kuliko kikombe kinacholazimishwa.

Uzito umesimama siku tatu mfululizo: usibadilishe chombo kwanza. Rudi kliniki, mwonyeshe sista mlo mmoja mzima, apime kinachoingia.

Mtoto ana kaakaa lililopasuka: usijaribu mwenyewe. Wapo watakaofaa kikombe na wapo watakaohitaji chupa maalumu, na atakayekuonyesha ni aliyemchunguza.

Jino la kwanza bado na wenzake wameshaota: hesabu kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa. Kwa hesabu hiyo wengi huwa hawajachelewa. Kwa sasa futa fizi kwa kitambaa safi baada ya mlo.

Meno yametoka: mswaki laini, dawa yenye floridi kiasi cha punje ya mchele, asubuhi na kabla ya kulala, kwenye maeneo ya floridi nyingi muulize daktari kwanza. Chupa, kama ilikuwepo, ianze kuachwa anapokaribia mwaka. Matone ya madini ya chuma anayopewa yanaweza kuacha weusi juu ya jino, huo unasafishika. Kila mwezi inua mdomo wa juu utazame mstari wa ufizi, na kabla hajatimiza mwaka mpeleke kwa daktari wa meno. Ukifika, mwambie alizaliwa na wiki ngapi, na kama aliwahi kuwekewa mpira wa kupumulia.